Tope la Moto, Tope la Baridi, Nta au Mpira wa Maji: Lipi Likufae kwa Maumivu ya Viungo

Mtu ambaye goti lake hukaza kila asubuhi, akiamua kujaribu tope la tiba, hukutana kwanza na majina mengi: tope jeusi la Bahari ya Chumvi, tope la chemchemi za moto, tope la peati, udongo mweupe wa kaolini, udongo wa kijani, bentonaiti. Kila pakiti hutaja madini yake kwa fahari, kana kwamba kuchagua ni kutafuta tope lenye madini mengi kuliko mengine yote. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Swali la kwanza ni kama maumivu yako yanataka joto au baridi. La pili ni kama kiungo chenyewe kina umbo ambalo tope hulikumbatia vizuri kuliko kitu kingine, na la tatu ni kama ngozi ya mahali hapo ni nzima. Madini huja nyuma ya hayo yote. Nitalinganisha nikifuata maswali hayo, na mahali ambapo mpira wa maji ya moto unatosha, nitasema wazi kwamba unatosha.

Joto au baridi

Kifundo cha mguu kilichoteguka leo, kilichovimba na kuwa cha moto ukikigusa, hakitaki kukandwa kwa kitu cha moto. Katika siku 2 au 3 za mwanzo mishipa midogo ya damu iliyopasuka bado inavuja, na joto huitanua zaidi, hivyo uvimbe huongezeka badala ya kupungua. Goti ambalo gegedu yake, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, imelika kwa miaka mingi ni jambo jingine kabisa, na vivyo hivyo kiuno kilichokakamaa kwa kuinama kutwa, shingo iliyokaza, au vidole vinavyogoma kukunjika asubuhi. Maumivu ya aina hii hupenda joto. Mishipa ya damu hutanuka, misuli iliyojikaza ili kukilinda kiungo hulegea, na tishu zinazounganisha mfupa na mfupa huvutika kwa wepesi zaidi zikiwa na joto kuliko zikiwa baridi.

Kuna na upande wa neva. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango, ambapo habari za mguso zinazotoka kwenye ngozi zinaweza kuzuia habari za maumivu zisipite kwa wingi kwenda kwenye ubongo. Maelezo yao yamerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini bado yanasaidia kueleza jambo ambalo kila aliyewahi kukandwa analijua: nafuu huanza ndani ya dakika chache, muda ambao hautoshi kwa kitu chochote ndani ya kiungo kuwa kimepona. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila asiyejua inatoka wapi huweza kudhani kwamba tope limejenga upya gegedu iliyolika. Hakuna tope linalofanya hivyo.

Wenye baridi yabisi wanahitaji kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu ugonjwa huo una vipindi viwili. Kiungo kikiwa kimetulia, joto huondoa ugumu wa asubuhi vizuri sana. Kikiwa kimewaka, chekundu na kimejaa, joto la juu huweza kukizidishia maumivu, na hapo kitambaa cha baridi au tope la baridi ndilo lenye nafasi.

Tope lina nini ambacho maji hayana

Maji ya nyuzijoto 45 ni watu wachache wanaoweza kuyavumilia kwa muda, ilhali tope la joto hilo hilo huvumilika kwa dakika 15 hadi 20. Sababu ni kwamba maji hutembea. Maji yaliyogusa ngozi na kupoa kidogo huondoka, yakaja mengine ya moto mahali pake, na ngozi hupokea joto kwa kasi bila kupumzika. Tope halitembei. Tabaka jembamba lililogusana na ngozi hupoa kidogo na kubaki pale pale, nalo huwa kama shuka kati ya ngozi na joto lililo nyuma yake, ambalo hupenya polepole na kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo hiyo tope halipoi haraka kama kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, ambacho baada ya dakika 5 kinahitaji kuchovywa tena.

Jambo la pili ni umbo. Goti halina uso ulio bapa: kuna kifuniko cha mbele, mashimo mawili pembeni mwake na bonde la nyuma. Mpira wa maji ukiwekwa juu yake hugusa kifuniko na kuyaacha mashimo yale, ambayo mara nyingi ndiyo yenye maumivu. Tope hujaa kila mahali. Kiwiko, kifundo cha mguu na kisigino vina tabia hiyo hiyo ya goti, na hapo ndipo naona tope lina haki ya kupewa nafasi ya kwanza. Mgongo na kiuno ni bapa, na hapo faida hii hupotea.

Sasa madini. Ngozi nzima ni ukuta, na vitu vingi vilivyomo kwenye tope havipiti, au hupita kwa kiasi kidogo mno. Hata hivyo si haki kusema kwamba hayana kazi yoyote. Yamefanyika majaribio ambapo wagonjwa wa goti waligawanywa, wengine wakabandikwa tope moja kwa moja na wengine wakatenganishwa nalo kwa nailoni ili wapate joto tu. Yapo mengine yaliyolinganisha tope la asili na tope lililopunguzwa madini. Walioguswa na tope lenyewe walielekea kupata nafuu kubwa zaidi. Udhaifu wa majaribio haya ni kwamba makundi yalikuwa madogo, na ni vigumu sana kumficha mgonjwa asijue kama kilichobandikwa ni tope au ni kitu kingine, maana harufu na uzito vinajieleza vyenyewe. Ninavyoyapima, joto hubeba sehemu kubwa ya kazi na madini huenda yakaongeza kidogo. Kwa hiyo tope lenye madini mengi lakini lililopoa ni chaguo baya kwa goti linalotaka joto.

Peati na udongo wa mfinyanzi

Haya mawili ndiyo ambayo mtu anayejitibu nyumbani huchagua kati yake mara nyingi, na hayafanani hata kidogo.

Peati ni mabaki ya mimea yaliyooza nusu ndani ya maji, mahali ambapo hewa haifiki, kwa maelfu ya miaka. Ukiichukua mkononi huhisi nyuzinyuzi laini. Ukiibana, maji meusi kama chai iliyokolea hutoka kati ya vidole, na ukiuachia mkono hunyonya maji tena. Uwezo huo wa kushika maji ndio siri yake, kwa kuwa maji ndiyo yanayobeba joto na nyuzinyuzi ndizo zinazoyazuia yasitembee. Peati iliyopashwa hadi nyuzi 42 au 44, ikapakwa kwa unene wa sentimita 2 au 3 na kufunikwa kwa nailoni na taulo, hubaki na joto la kufaa kwa muda wote wa tiba. Kasoro zake ni harufu ya kinamasi, ambayo wengine hawaipendi, na doa la kahawia linaloingia kwenye shuka na kukataa kutoka.

Udongo wa mfinyanzi umetengenezwa na chembe ndogo mno, zisizofika maikromita 2 (sehemu mbili za elfu za milimita), zenye umbo la vigamba. Vigamba hivyo vikipata maji huteleza mmoja juu ya mwingine, na ndiyo maana udongo huo hufinyangika na kunata. Ndani ya kundi hili kuna tofauti inayofaa kujulikana: bentonaiti hufyonza maji na kuvimba sana, wakati kaolini huvimba kidogo tu. Ukichanganya bentonaiti kwa haraka utapata mabonge makavu ndani na utelezi nje, kwa hiyo inapaswa kunyunyizwa juu ya maji na kuachwa ilowe yenyewe kwa saa kadhaa. Kaolini hulainika mara moja, lakini pia hukauka upesi.

Kukauka ndiko kunakotenganisha udongo na peati. Wapo wanaoamini kwamba udongo unapaswa kukauka juu ya ngozi ndipo "uvute" maumivu. Kinachotokea ni kwamba kingo hukauka kwanza, hubadilika rangi na kuwa nyepesi, kisha hujikunja na kuvuta ngozi na vinywele pamoja nazo. Joto huwa limekwisha kitambo, na hisia ya kuvutwa ni ya udongo kusinyaa, si ya kitu kutolewa mwilini. Baada ya hapo ngozi hubaki kavu na kuwasha. Udongo wa moto ukitumika, ufunikwe na uondolewe ukiwa bado laini.

Nikiulizwa nichague kwa ajili ya goti au kiwiko kinachotaka joto, nachagua peati bila kusita. Kwa kitu cha baridi nachagua udongo wa mfinyanzi, kwa sababu hutoa joto la mwili haraka, hushikamana bila kumwagika na huoshwa kwa maji matupu.

Tope la chemchemi na tope la pakiti

Majina makubwa ya tope la tiba ni majina ya mahali. Abano Terme, kaskazini mwa Italia, maji hutoka ardhini yakiwa na zaidi ya nyuzi 80, na udongo wake hulowekwa ndani ya maji hayo kwa takriban miezi 2 au zaidi, hadi viumbe wadogo wa jamii ya mwani waote juu yake na kuubadilisha rangi na ulaini. Husemwa kwamba tope limekomaa. Dax nchini Ufaransa, Piešťany nchini Slovakia, Hévíz nchini Hungaria na Techirghiol nchini Romania kila moja ina tope lake. Haapsalu, mji wa pwani nchini Estonia, daktari Carl Abraham Hunnius alifungua nyumba ya tiba ya tope la bahari mwaka 1825 baada ya kuona jinsi wenyeji walivyolitumia.

Anayelinganisha tope la Abano na pakiti iliyoandikwa jina linalofanana nalo anapaswa kukumbuka kwamba kule tope ni sehemu moja tu ya mpango mzima. Daktari humpima mgonjwa kwanza. Kisha hubandikwa tope la moto kwa dakika 15 hadi 20, huoshwa, huingia kwenye bwawa la maji ya moto, hufungwa shuka na kulala ili jasho litoke, na mara nyingi huchuliwa. Duru ya kawaida ni vikao 12, na mfumo wa afya wa taifa nchini Italia hugharamia duru moja kwa mwaka kwa mwenye maelekezo ya daktari. Katika muda wote huo mtu yuko mbali na kazi yake na mizigo yake, analala vizuri na kutembea kila siku. Mapumziko hayo ni tiba kwa viungo, na hayamo ndani ya pakiti. Kwa mwenye nafasi ya kwenda, na ambaye moyo na mapafu yake yamepimwa, nadhani safari hiyo ina maana. Asiye na nafasi hiyo asihuzunike kana kwamba amekosa kitu ambacho tope la nyumbani lenye joto sahihi haliwezi kukikaribia.

Tope la Bahari ya Chumvi linastahili neno fupi la peke yake. Linatoka kwenye ufuko ulio zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, na maji yake yana chumvi karibu mara 10 ya bahari ya kawaida, hasa chumvi za magnesi. Huwaka vibaya kwenye mkwaruzo au ngozi iliyonyolewa karibuni. Sifa yake kubwa imejengwa kwa wagonjwa wa ngozi, hususan soriasisi, ambao huenda huko kwa wiki kadhaa. Lakini wagonjwa hao huogelea na kuota jua la mahali hapo, lenye miale iliyochujwa na hewa nzito, na ni makosa kulipa tope peke yake sifa zote za jua na maji. Kwa viungo, lichukuliwe kama tope zito la moto, basi. Mwenye ngozi kavu au laini achague peati.

Tope la baridi na barafu

Katika tiba asilia ya India tope la baridi hubandikwa tumboni, kwenye paji la uso na juu ya macho yaliyofumbwa, na Mohandas Gandhi alilitumia kwa miaka mingi kwa ajili ya tumbo na maumivu ya kichwa. Udongo hulowekwa usiku, huwekwa ndani ya kitambaa chembamba kilicholowa, na kubandikwa kwa dakika 20 au 30. Ubaridi wake hutokana na maji yanayogeuka mvuke polepole kupitia kitambaa.

Barafu hupoza zaidi na hufika chini zaidi. Kwa kifundo kilichoteguka saa moja iliyopita, barafu iliyofungwa kwenye taulo, ikiwekwa kwa dakika 10 hadi 20 na kuondolewa, inalishinda tope kwa kupunguza maumivu, nami sioni sababu ya kuhangaika kuloweka udongo wakati barafu ipo. Tope lina faida kwa wasiovumilia barafu, kwa watoto wakubwa na wazee wenye ngozi nyembamba ambayo barafu inaweza kuiumiza, na kwa kichwa kinachogonga kwa joto la mchana. Kwa goti sugu la miaka mingi tope la baridi halina kazi kubwa, na wengine hulalamika kwamba kiungo huzidi kukaza.

Mpira wa maji, mkanda wa joto na nta

Kwa kiuno na mgongo, ukweli ni kwamba mpira wa maji ya moto uliovikwa kitambaa hufanya kazi ile ile ya tope bila kulichafua godoro. Mikanda ya joto hafifu, ile inayokaa kwenye takriban nyuzi 40 kwa saa 8 huku mtu akiendelea na shughuli zake, imepimwa kwa wenye maumivu mapya ya kiuno na ikaonekana kuwapunguzia maumivu na ugumu katika siku za mwanzo. Tope haliwezi kuvaliwa hivyo. Humlaza mtu chini, na kiuno kilichokakamaa mara nyingi hupona kwa kutembea kuliko kwa kulala.

Kwa vidole vya mikono, nta ya parafini hushinda. Huyeyuka kwenye nyuzi 52 hivi, na ikichanganywa na mafuta ya madini ya kupaka mwilini (si mafuta ya taa) huyeyuka chini kidogo ya hapo, kwa hiyo mkono huchovywa na kutolewa mara 6 hadi 10 hadi utando mnene ujijenge kuzunguka kila kidole kama glavu. Inapoganda hutoa joto polepole bila kuunguza, na ikivuliwa huiacha ngozi laini na yenye mafuta, tayari kwa mazoezi ya kukunja na kunyoosha vidole. Tope kwenye vidole hupoa upesi kwa sababu vidole ni vyembamba, na kulitoa chini ya kucha ni kazi ya dakika nyingi kwa mikono inayouma.

Pale ambapo tope lisitumike kabisa

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini kuliko mahali pengine popote. Watu wengi husikia kwamba tope "huponya" na kulipeleka kwenye kidonda. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, huishi udongoni wakiwa katika hali ya spora, yaani wamejifungia ndani ya ganda gumu, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Zinazimwa kwa uhakika kwenye mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121, jambo lisilowezekana kwenye sufuria ya kawaida. Tope lililopakwa kwenye kitovu kibichi cha mtoto mchanga limeua watoto wengi kwa njia hiyo. Kuchemsha tope hakulifanyi kuwa salama kwa mkato, jipu lililopasuka, ngozi iliyoungua au kitovu.

Ipo habari moja ya kweli ambayo mara nyingi hutumiwa kutetea kinyume chake. Nchini Ivory Coast, Mfaransa Line Brunet de Courssou alitumia udongo wa kijani kutoka Ufaransa kwa wagonjwa wa kidonda cha Buruli, ugonjwa unaoletwa na bakteria Mycobacterium ulcerans na ambao hula ngozi na nyama iliyo chini yake, na wagonjwa wake walionyesha maendeleo ya kutia moyo. Watafiti Lynda Williams na Shelley Haydel wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliupeleka udongo huo maabara. Walikuta kwamba aina moja iliua bakteria mbalimbali, na nyingine, ya kijani vilevile na ya Ufaransa vilevile, haikuwaua. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba nguvu haikuwa kwenye udongo kwa jumla bali kwenye chuma na alumini zilizoachiliwa na baadhi ya udongo chini ya hali maalumu ya kikemia. Kwa hiyo rangi ya udongo haimwambii mtu lolote kuhusu uwezo wake wa kuua vijidudu. Wenye kidonda cha Buruli leo hutibiwa kwa antibiotiki za rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na huko ndiko wanakopaswa kwenda.

Joto nalo lina watu wake wa kuepuka. Mwenye kisukari ambacho kimemletea ganzi miguuni hawezi kuhisi kwamba anaungua, na kwake tope la moto kwenye mguu ni hatari kubwa kuliko faida yoyote. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, mwenye moyo dhaifu, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye homa, mwenye saratani inayoendelea mahali hapo na mjamzito wamuulize daktari kwanza, hasa kabla ya kufunikwa tope sehemu kubwa ya mwili. Kumeza udongo huu kwa kuamini kwamba utatibu kutoka ndani kusifanywe, kwani baadhi ya udongo una sumu za madini ya risasi na aseniki.

Namna ya kupasha, ambapo wengi hukosea

Mara ya kwanza nilipobandika peati kwenye goti langu niliipasha kwenye maikrowevu, nikaigusa juu kwa kidole, nikaridhika. Juu palikuwa na vuguvugu tu. Katikati palikuwa na moto mkali. Nilihisi mchomo kwenye upande wa ndani wa goti, nikauvumilia kwa kudhani ndiyo dawa inaingia, na nilipoondoa tope nilikuta duara jekundu la ukubwa wa sarafu lililokuja kufanya lengelenge na kuchukua zaidi ya wiki kupona. Maji ya nyuzi 60 huiunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya nyuzi 49 kwa dakika zisizofika 10, kwa hiyo kikao cha dakika 20 hakina nafasi ya kubahatisha.

Tangu hapo napasha tope ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, nalikoroga hadi chini, kisha naingiza kipimajoto katikati na si pembeni. Likivuka nyuzi 45 nalisubiri. Halafu naweka kijiko kimoja upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwa nusu dakika. Mchomo wowote, hata mdogo, unamaanisha kusubiri tena. Tope hupakwa likiwa na unene wa vidole viwili, hufunikwa kwa nailoni na taulo, na saa huwekwa ilie baada ya dakika 20 kwa sababu usingizi huja kwa urahisi sana chini ya joto hilo. Ngozi ikitoka na wekundu sawasawa ni kawaida. Ikiwa na mabaka meupe na mekundu, joto lilizidi.

Dakika 30 zinazofuata ni za thamani kuliko zile za tope. Kiungo kimelegea, maumivu yamepungua, na huu ndio wakati wa kukunja na kunyoosha goti taratibu, kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti mara 10, kutembea kidogo. Misuli ya paja yenye nguvu hupunguza mzigo wa goti lililolika kwa njia ambayo hakuna bandiko linaloweza. Nikilazimika kuchagua kati ya tope bila mazoezi na mpira wa maji pamoja na mazoezi, nitachukua mpira wa maji.

Mpe tope nafasi ya vikao 10 hadi 12 ndani ya wiki 3 au 4 kabla ya kuamua. Kama mwishoni ugumu wa asubuhi haujapungua na hatua za ngazi ni zile zile, usihamie tope jingine la gharama zaidi ukitafuta madini. Rudi kwa mtaalamu wa viungo akupime upya. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto huku mwili una homa, usibandike chochote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache.

Tope lililokwisha kutumiwa na mtu mmoja asibandikwe mwingine, wala lisirudishwe kwenye chombo lilimotoka. Peati ikauke na kumwagwa bustanini. Bentonaiti isimwagwe kwenye sinki hata kidogo, kwa kuwa itaendelea kuvimba ndani ya bomba na kuliziba.